Betri Zisizo na Jina

Betri iliyomvunja Merle Trenorden mguu ilikuwa na kilo thelathini na mbili, na mpaka leo akikusimulia anaitaja namba hiyo kwa fahari, kama mama anayetaja uzito wa mtoto aliyemzaa. Ilikuwa betri ya madini ya risasi na asidi, mojawapo ya nne zilizokaa ndani ya boksi la bati nyuma ya nyumba yake, huku kwetu Yarrabine kwenye mashimo ya opali, yale mawe ya thamani yenye rangi nyingi. Ilimponyoka mwezi wa nane, akiwa peke yake, alipojaribu kuivuta nje aiongezee maji. Ikamwangukia mguuni na kutulia hapohapo. Merle alilala chini tangu baada ya kifungua kinywa mpaka saa kumi jioni, akipiga soga na kuku, hadi jirani yake Zvonko alipokuja kuazima brashi ya rangi.

Yarrabine haina umeme wa serikali. Haijawahi kuwa nao, na siku mtu akija kuuleta tutamtazama kwa jicho la pembeni. Kila nyumba ina paneli zake, betri zake na ubishi wake. Merle ana miaka sabini na nne. Arobaini na sita ameishi hapa, na tisa kati ya hiyo ni ya ujane. Marehemu mumewe, Clarrie, alichimba opali maisha yake yote na hakupata ya maana. Lakini kwa mambo ya umeme alikuwa bingwa, na aliacha vitu viwili ambavyo Merle hataki kuona mtu anavigusa.

Cha kwanza ni mita ya volti ya mshale, iliyopigiliwa ukutani jikoni. Clarrie aliichora kwa rangi za kucha ambazo Merle alizinunua enzi zake za kuthubutu: kijani upande wa kujaa, njano katikati, nyekundu upande wa kuisha. Kwa miaka ishirini na tano Merle aliendesha nyumba kwa mshale huo. Ukiwa kwenye kijani, fua nguo. Ukiwa kwenye njano, zima redio. Ukiwa kwenye nyekundu, kaa kimya utafakari dhambi zako.

Cha pili ni kalamu nene ya wino usiofutika, inayoning'inia kwa kamba kando ya mita. Clarrie alikuwa na desturi yake. Kila betri mpya ikiingia boksini iliandikwa tarehe na jina la aliyeibeba. Si aliyelipa, si aliyefunga nati, aliyebeba. Betri za kwanza zote ziliandikwa CLARRIE. Seti ya mwisho, mgongo ulipoanza kumgomea, iliandikwa CLARRIE NA ZVONKO, na hilo NA ZVONKO liliandikwa kwa herufi ndogo mno, mpaka Zvonko analilalamikia hadi leo.

Sasa, Merle ana binti mmoja, Janine, anayeishi Adelaide na kukagua lifti za maghorofa. Kazi yake, kwa ufupi, ni kukitazama kitu kilichosimama vizuri na kuwaza kitaangukaje. Mtu wa namna hiyo ukimwambia mama yake alilala chini ya betri kwa muda wa saa nane, usitegemee alale.

“Mama, nimepata fleti,” Janine alisema kwenye simu, mguu wa mama yake ukiwa bado ndani ya plasta. “Ya chini kabisa. Hakuna hata ngazi moja. Na umeme unatoka ukutani.”

“Hata wangu unatoka ukutani.”

“Wako unavunja watu miguu!”

“Mguu mmoja, Janine. Usitie chumvi.”

Walivutana hivyo wiki sita. Mwisho Janine akaleta shauri moja, na Merle, kwa uchovu na kwa kiburi, akalikubali. Janine angekuja Krismasi kwa siku nne. Betri za zamani zilikuwa zimechoka hata hivyo. Mama anunue nyingine anazozitaka, kwa akili yake mwenyewe. Ikiwa umeme hautazimika hata mara moja katika siku hizo nne, habari ya fleti isitajwe tena maishani. Ukizimika mara moja, hata dakika moja, mama atatia saini fomu za fleti palepale mezani.

“Nimekubali,” Merle alisema. Na neno la Merle, muulize yeyote Yarrabine, halipindiki hata kwa nyundo.

Basi nyumba yote ikawa imebebwa na betri ambayo bado haijanunuliwa. Nyumba, kuku, kaburi la Clarrie kule kwenye matuta ya udongo mweupe, kiti cha barazani chenye umbo la makalio yake. Zvonko akajitwika kazi ya ushauri bila kuombwa. Zvonko ni Mkroatia wa miaka themanini na mmoja, anaishi kwenye shimo alilolichonga mwenyewe ardhini, na ana imani moja tu duniani, nayo ni uzito. Mkate anaunyanyua kabla ya kuununua. Tikiti maji, nyundo, sufuria, vyote anavipima kwa mkono, na kizito ndicho kizuri.

“Betri ni risasi, jirani,” alimwambia. “Risasi ni nzito. Nasikia siku hizi wanauza hizi za lithiamu, mtoto mdogo anabeba. Hebu fikiria! Ukitaka kitu chepesi, nunua mto.”

“Wewe uliwahi kuangukiwa na mto, Zvonko?”

Zvonko alifikiri. “Hapana.”

“Basi.”

Mwezi wa kumi na moja, mguu ukiwa umepona, Merle aliendesha gari mwendo wa saa tatu mpaka Port Augusta, kwenye duka la vifaa vya karavani na sola. Aliyemhudumia ni msichana aitwaye Tegan, nywele za zambarau, mikono ya fundi. Merle alikuwa amejiandaa kwa vita. Alijua wauzaji: watakuonyesha kubwa kuliko zote, watataja namba ishirini, watakuita mpenzi. Tegan hakufanya hata moja. Alivuta stuli, akakaa, akasema, “Nisimulie siku yako, bibi. Ukiamka unawasha nini?”

Hakuna aliyekuwa amemuuliza Merle swali hilo tangu azikwe Clarrie. Alisimulia kwa dakika arobaini. Birika la umeme saa kumi na mbili asubuhi. Pampu ya maji. Friji na friza, ambazo hazipumziki. Kipoza hewa cha maji wakati wa kiangazi. Alimsimulia hata kuku, ambao hawatumii umeme.

“Birika na pampu vinakutana?”

“Vinakutana kila asubuhi. Ni marafiki.”

“Basi hapo ndipo watu wengi wanapopigwa chenga,” Tegan alisema. “Wanaangalia ukubwa wa betri tu. Hii ya lithiamu ndani yake ina ubongo mdogo unaoilinda. Ubongo huu hauruhusu zaidi ya ampea mia kupita. Birika lako peke yake, likipitia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, linataka karibu mia na themanini. Betri imejaa pomoni, lakini ukibonyeza birika tu, inakukatia. Utaniita tapeli.”

“Ningekuita vibaya zaidi.”

Walichambua kila kitu. Baridi ya mwezi wa saba huku kwetu hugandisha maji ya kuku. Tegan akataka betri yenye ubongo unaokataa kuchajiwa ikiwa imeganda, kwa sababu lithiamu ikichajiwa kwenye barafu inaharibika ndani kwa ndani. Akauliza kama kontrola ya sola, kile kifaa kinachodhibiti chaji kutoka kwenye paneli, inaweza kupangwa upya kwa lithiamu. Merle alikuwa na picha yake kwenye simu, ilikuwa na uwezo. Akauliza ukubwa wa boksi, maana kwenye karatasi ya dukani betri hizi zilisifiwa kwamba unatoa ya zamani na kuweka mpya palepale, kebo zilezile, kwisha habari. “Palepale ni sawa,” Tegan alisema, “ila mahali penyewe pasiwe tanuri. Boksi la bati juani? Weka kivuli.”

Mwisho zikabaki mbili za kuchagua. Moja kubwa ya ampea mia mbili, kilo ishirini na tatu. Au mbili ndogo za mia mia, kilo kumi na moja kila moja, zinazofungwa pamoja zikagawana mzigo wa birika. Ile kubwa ilikuwa nafuu kidogo na ilionekana ya maana zaidi, ya kutisha, ya kiume. Merle aliizunguka. Kisha akainama, akaipakata moja ya zile ndogo, akainuka nayo wima.

Akacheka. Alicheka mpaka mzee mmoja kwenye rafu za kebo akageuka kutazama. Akatembea nayo mpaka mlangoni, akageuka, akarudi nayo kama anacheza dansi.

“Hizi,” alisema. “Mbili. Kwa sababu naziweza.”

“Hiyo ndiyo sababu bora niliyosikia mwaka huu,” Tegan alisema. “Sasa ongeza na hii mita ya kuhesabu. Inahesabu kilichoingia na kilichotoka. Volti za betri hizi hazikuambii kitu, bibi, zinakaa juu tu mpaka...”

“Mita ninayo, mwanangu.”

“Ya aina gani?”

“Ya marehemu.”

Utabishana vipi na mita ya marehemu? Tegan akachukua kalamu, akaandika namba yake ya simu kwenye katoni, akapigia mstari mara mbili. “Piga wakati wowote,” alisema. “Nikisema wowote namaanisha wowote.”

Siku ya kuzifunga Zvonko alikuja na kiti chake na zawadi iliyofungwa kwa karatasi. Ilikuwa mto. Merle aliupokea kwa shukrani, akauweka kwenye kiti, akamkalisha Zvonko juu yake, akampitia mbele ya pua na betri ya kwanza mikononi. Kisha ya pili. Alifunga kebo mwenyewe, akapanga kontrola mwenyewe, akaning'iniza blanketi kuukuu juu ya boksi liwe kivuli. Kazi ilipoisha Zvonko alimletea kalamu ya Clarrie.

“Andika jina lako, jirani. Umebeba.”

Merle aliishika, akaitazama, akairudisha kwenye kamba yake. “Bado. Krismasi ikipita nikiwa bado wa hapa, nitaandika. Nisipokuwa wa hapa, atakayehamia ataandika lake.”

Zvonko alijipangusa pua kwa muda mrefu, akasingizia vumbi.

Halafu zikaanza siku za raha. Mshale wa Clarrie ulipanda kwenye kijani ukakaa humo kama mgeni aliyependa chakula. Asubuhi, kijani. Mchana, kijani. Merle anapika chai, kijani. Anafua mashuka, anapika chai nyingine, anarudi kuchungulia kwa kunyatia ili aufumanie: kijani! Kwa miaka ishirini na tano aliishi akiuomba radhi mshale ule, na leo ameupa kisogo. Furaha ikampanda kichwani. Aliwawekea kuku feni. Alifunga taa ndogo za rangi kuzunguka tangi la maji, zikawaka mchana kutwa mahali ambapo hakuna wa kuziona isipokuwa kunguru. Alitoa kabatini mashine ya kutengeneza aiskrimu, zawadi ya harusi, ambayo haikuwahi kuwashwa kwa sababu Clarrie alisema inakunywa umeme kuliko mjomba wake anavyokunywa bia. Ilinguruma kama trekta. Merle alikula aiskrimu ya vanila kwa kifungua kinywa siku tatu mfululizo, mwanamke wa miaka sabini na nne, akiwa na nguo ya kulalia.

Hata Zvonko alianza kuleta drili yake kuchaji. “Sikubali,” alisema akiichomeka. “Nachaji tu, sikubali.”

Tarehe ishirini na mbili vumbi likaja. Lile letu la kiangazi, linalonyanyuka kutoka uwanda wa chumvi na kugeuza anga kuwa rangi ya chai ya maziwa, jua likabaki sarafu hafifu huko juu. Tarehe ishirini na tatu Janine akafika akiwa amewasha taa za gari saa sita mchana. Alimkumbatia mama yake, akatazama mguu, akatazama dari, akatazama swichi moja baada ya nyingine.

“Vumbi hili, mama, paneli zinakula nini?”

“Nenda kaone mshale.”

Janine alikwenda. Kijani. Alirudi jioni. Kijani. Mkesha wa Krismasi, vumbi likiwa lilelile na kipoza hewa kikinguruma siku ya pili bila kuzimwa, alisimama mbele ya mita mikono kiunoni, akaigonga kioo kwa ukucha. Kijani. Kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo, kisha akalizuia tabasamu kwa haraka, maana mkaguzi wa lifti hasifii lifti kabla haijafika juu.

Nitasema ukweli: Merle hapo alijisahau kabisa. Alipika nyama ya nguruwe kwenye jiko la umeme alilokuwa hajaligusa tangu alinunue. Alipiga pasi vitambaa vya meza. Alimpigia pasi Zvonko shati, na Zvonko hakuwa na habari kwamba shati lile lina kola.

Asubuhi ya Krismasi upepo ukafa. Vumbi likalala. Jua likatoka na hasira zake zote, nyuzi arobaini na tatu kabla ya saa tano. Mezani palikuwa na nyama ya nguruwe, kamba wa baharini waliotoka friza, saladi ya viazi, pudingi nyeusi ya matunda iliyolowekwa brendi tangu mwezi wa tisa. Fomu za fleti Janine aliziacha ndani ya mkoba kwa heshima ya siku, lakini kona moja nyeupe ilichungulia, na Merle alikuwa akiikonyeza kila anapopita. Kipoza hewa kinavuma. Mashine ya aiskrimu inanguruma. Taa za tangi zinawaka. Saa saba na nusu Zvonko alisimama, kola imemkaba, glasi juu.

“Mimi ni mtu mzima,” alisema, “na leo nakubali. Nilikosea. Kwa hiyo nasema: kwa afya ya bet—”

Kipoza hewa kikanyamaza. Mashine ya aiskrimu ikatoa mlio mmoja wa kukata tamaa, ikanyamaza. Friji ikatikisika, ikanyamaza. Kimya chake kilikuwa kikubwa kiasi kwamba walisikia kuku wakishangaa feni yao.

Wote watatu waligeukia ukutani. Mshale haukuwa kwenye kijani, wala njano, wala nyekundu. Ulikuwa umelala kwenye sifuri, mahali ambapo haukuwahi kufika tangu Clarrie aupigilie.

“Mto,” Zvonko alinong'ona, akakaa.

Merle aliweka kijiko chini. Alinyosha mkono kwa binti yake, kiganja juu. “Umezimika. Dakika moja imeshapita. Lete fomu.”

“Subiri kwanza.”

“Tuliambizana nini, Janine?”

“Mama, subiri! Kitu kikianguka, kwanza nataka kujua kimeangukaje. Saini itakuja. Ile katoni yenye namba ya fundi iko wapi?”

Tegan alipokea simu kwa mlio wa tatu, mdomo umejaa chakula na nyuma yake watoto wakipiga kelele. Janine akaweka simu mezani wote wasikie. Alisimulia mambo ya vumbi, ya mshale, ya sifuri. Tegan akameza.

“Bibi, uliwasha nini wiki hii?”

Merle akataja. Orodha ilikuwa ndefu. Alipofika kwenye feni ya kuku Janine alifunika uso kwa mikono. Alipofika kwenye pasi ya shati la Zvonko, kicheko cha Tegan kilianza kusikika kwenye simu.

“Na mshale ulikuwa kijani siku zote?”

“Siku zote, mwanangu! Mpaka dakika hii!”

“Ndivyo ilivyo. Betri za risasi zinashuka polepole, zinakulilia njia nzima. Hizi hazilii, bibi. Volti zinakaa palepale mpaka tone la mwisho, halafu ubongo unafunga mlango ili betri isiumie. Hiyo mita ya marehemu haikudanganyi, inazungumza lugha ya betri za zamani tu. Betri hazijafa. Zimelala.”

“Zimelala?” Zvonko alifufuka kitini.

“Zimelala. Kontrola ya sola nayo inaishi kwa umeme wa betri, kwa hiyo haiwezi kuziamsha. Zima kila kitu. Osha paneli. Zitoeni kwenye hilo boksi la bati, leo ni jua gani hilo! Halafu mziguse na betri nyingine yoyote ya gari, muda mfupi tu. Nyekundu kwa...”

“Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, nyekundu kwanza,” Janine alisema. Alisema harakaharaka, kwa sauti ya mtoto anayejibu darasani, na yeye mwenyewe akashtuka. Baba yake alimfundisha hayo akiwa na miaka tisa, amesimama juu ya ndoo.

Walitoka nje na joto likawapokea usoni. Merle alifungua boksi, akalegeza nati, akachomoa kebo, na kabla mtu hajasema “mama, acha” alikuwa amekwisha inama, amepakata betri, ameinuka. Akapita mbele ya binti yake hatua kumi mpaka kivulini barazani, mguu uliovunjika ukikanyaga sawasawa na mwenzake, akaiweka chini taratibu na kupangusa mikono kwenye gauni lake la Krismasi.

Janine alikuwa amesimama kama aliyepigwa kofi. “Ndiyo hiyo betri?”

“Ndiyo hiyo.”

“Yote?”

“Kwani ulidhani nini?”

“Mimi nilidhani...” Akaitazama betri pale chini. “Mama, mimi sikuwahi kuogopa giza. Giza utawasha mshumaa. Niliogopa lile dude. Kila usiku nalala naliona liko juu ya mguu wako, na wewe unaongea na kuku.”

“Kuku wasikivu sana wale,” Merle alisema. Lakini alimshika binti yake shavu, akamwachia alama ya vumbi.

Janine akageuka, akainama, akainua betri ya pili. Uso wake ulifunguka palepale, kisha akaanza kucheka, kile kicheko cha mama yake cha dukani, kitu kimoja. “Hii tu?” alisema. “Hii tu? Nimeugua miezi minne kwa ajili ya hii?” Akazunguka nayo barazani, akapiga hatua za dansi, mkaguzi wa lifti mwenye diploma mbili, huku Zvonko akimpigia makofi.

Kisha ikawa kazi. Zvonko alikwenda kuleta pikapu yake, na alirudi akipiga honi kama msafara wa harusi, kwa kuwa chini ya boneti yake kulikuwa na betri ya risasi, nzito, ya zamani, chafu. “Nani anamwokoa nani leo?” alipaza sauti dirishani. “Semeni! Nani anamwokoa nani?” Mama na binti walikuwa kwenye paneli na ndoo na fagio. Tope jekundu lilitiririka. Janine alimrushia mama yake kopo la maji, kwa bahati mbaya alidai. Merle akamjibu kwa ndoo nzima, bila kudai chochote.

Walifunga kebo tena, zilifika barazani kwa shida. Janine akashika waya wa kuamshia. Nyekundu kwanza. Nyeusi. Akahesabu mpaka kumi kwa sauti. Kwenye kontrola taa ndogo ilipepesa, ikasita, ikawaka. Akachomoa. Ikabaki inawaka. Jua lote lile la Yarrabine, lililokuwa likipotea bure tangu asubuhi, likaanza kumiminika ndani.

Ndani, mshale ulikuwa umerudi kwenye kijani kama vile hakuna kilichotokea. “Mwongo mkubwa wewe,” Merle aliuambia, na kuufuta vumbi. Waliwasha friji peke yake. Kuku walisubiri zamu.

Halafu Merle akafanya alichopaswa kufanya. Amelowa, ana tope mpaka kwenye nyusi, lakini alikwenda kwenye mkoba wa Janine, akatoa fomu, akatafuta kalamu. Katika nyumba nzima, kalamu iliyokuwa karibu ni ile ya Clarrie. Akaifungua kutoka kwenye kamba yake, akatoka nayo barazani, fomu mkono mmoja, kalamu mkono mwingine.

“Ulizimika,” alisema. “Mimi si mtu wa kubadili neno. Nionyeshe pa kuandika.”

Zvonko alitazama viatu vyake.

Janine alinyosha mkono, akachukua kalamu. Fomu hakuichukua. Alipiga magoti sakafuni mbele ya betri mbili, akapangusa ya kwanza kwa kiwiko, na kuandika kwa herufi kubwa za kukaza mkono, jinsi baba yake alivyokuwa akiandika: 25 DESEMBA. MERLE. Akahamia ya pili. Hapo alisita, akainua macho kwa mama yake kama anayeomba ruhusa, kisha akaandika tarehe ileile, na chini yake, JANINE.

Merle alisoma. Ilimbidi asome mara mbili, kwa sababu macho yalikuwa yanamsumbua. Fomu ilikuwa imeshalowa mkononi mwake.

“Jina langu umeliandika kubwa kuliko lako,” alisema mwisho.

“Wewe ndiye unayebaki nazo,” Janine alisema.